Siku Tuliyohamisha Mwarobaini

Kila asubuhi, kabla sijamgeuza kitandani, mume wangu aliniuliza neno moja: "Imeshika?" Alikuwa anauliza habari za mti. Zamani ningemsahihisha ngeli, maana nimefundisha shule ya msingi maisha yangu yote na ulimi wangu haukustaafu nilipostaafu mimi, naye angenijibu kwamba ofisini kwao miti yote inaongea Kiswahili cha Nairobi. Lakini maneno aliyobakia nayo yalikuwa machache mno, na sikuwa na moyo wa kuyatia wino mwekundu. Nilimjibu, "Imeshika, Mzee," kisha nikatoka nje kuangalia kama nimesema kweli.

Sikuwa nimesema kweli. Majani yalikuwa yanageuka manjano, na kila asubuhi nilikuta mengine yameanguka juu ya udongo mweusi. Niliyaokota haraka haraka na kuyatia mfukoni mwa aproni ili asiyaone kutoka dirishani. Hivyo ndivyo nilivyoishi miezi ile: mwanamke mzima, bibi wa watu, naiba majani makavu shambani mwangu mwenyewe.

Kiharusi kilimwangusha bafuni, tukiwa bado tunaishi Kitengela. Upande wa kulia wote ukazima, na maneno yakaondoka nao. Hospitali ikaila ploti, nyumba na yote. Sitaongeza neno hapo, kwa sababu karibu kila ukoo nchini una hadithi yake ya namna hiyo. Tulichobaki nacho ni shamba, eka chache ng'ambo ya Isinya ukielekea Kajiado, ambazo tulizinunua tukiwa bado na nguvu na ujinga. Palikuwa na nyumba ya mabati ya vyumba viwili, tangi la maji, nyasi, na vichaka vya miiba visivyofika hata kiunoni. Kivuli hapakuwa nacho, hata cha kuku.

Daktari alikuwa amesema mgonjwa akae nje, aone watu, asilale ndani siku nzima akikodolea macho dari. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa umekaa chini ya feni. Jua la kule kwetu likipanda, mabati yanaanza kulia, na ukimweka mtu nje unamkausha. Nilijaribu mwavuli, upepo ukaubeba. Nilijaribu turubai, upepo ukalichana. Mzee alinitazama nikihangaika na kamba, na nilijua anafikiria nini, kwa sababu na mimi nilikuwa nafikiria hicho hicho.

Aliyenunua ploti ya Kitengela alikuwa mtu mstaarabu. Alitaka kujenga flati, kama zile zilizokuwa zimetuzunguka tayari pande tatu, na alituambia tuchukue chochote tunachoweza kubeba kabla hajaleta watu wa msingi. Alikuwa na maana ya milango ya chuma na masinki. Siku tuliyokwenda kumkabidhi funguo, Mzee aliinua mkono wa kushoto kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu, akaonyesha mwarobaini uliokuwa nyuma ya jikoni. "Ule," akasema. Mnunuzi alicheka akidhani ni utani. Mimi namjua mume wangu, sikucheka.

Mwarobaini ule ndio uliokuwa sebule yake. Jumamosi alikaa chini yake na gazeti na redio, amevua viatu, soksi amezitundika kwenye tawi, na ukimtafuta mahali pengine popote unapoteza wakati wako. Haukuwa mti wa miaka mingi. Shina lake lilikuwa na unene wa mguu wangu chini ya goti, lakini kichwa chake kilikuwa kimetanda vizuri, na saa saba mchana, wakati Kitengela nzima inaungua vumbi na saruji, chini yake kulikuwa na ubaridi wa mtungi.

Lazima nieleze ulivyopandwa, maana mambo yote yanatoka hapo. Kwetu, upande wa Kakamega, mwanamke hapandi mti. Atapanda mahindi, atapanda maharagwe, atapanda mboga mpaka kiuno kikatike, lakini mti ni wa mwanamume, kwa sababu mti ndio mpaka, na mpaka ndio shamba. Mwanamke akipanda mti kwa mkono wake, wanasema amemchimbia mume kaburi. Anayeruhusiwa kupanda peke yake ni mjane, kwa kuwa yeye hana tena wa kumzika. Nililijua jambo hilo tangu utotoni, na nililiweka kapu moja na mambo mengine ambayo wanaume walibuni ili wasigawe ardhi.

Basi mwaka tuliohamia Kitengela nilinunua mche kando ya barabara, nikachimba shimo nyuma ya jikoni, nikausimamisha ndani yake. Mama mkwe alikuwa ametutembelea. Akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Wewe mwalimu! Unataka kuzika mtoto wangu?"

Nilimjibu kwa heshima yote niliyokuwa nayo siku hiyo, ambayo haikuwa nyingi, kwamba mti ni mti. Tungegombana mpaka jua lizame. Lakini Mzee akaingia langoni wakati ule ule akitoka kazini, mkoba kwapani, akatutazama mmoja mmoja, akaelewa bila kuelezwa. Akaja mpaka kwenye shimo, akainua mguu wa kulia, kiatu cheusi cha ofisi kikang'aa, akakanyaga udongo kando ya mche, mara moja, kwa kishindo.

"Nimepanda mimi," akasema. "Sasa, chakula iko?"

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo sheria ya nyumba yetu. Mimi nachimba, natia mbolea, namwagilia maji. Yeye analeta mguu. Mipera, mlimau, ile miti ya kuzuia upepo tuliyoipanga ukutani, yote ilikanyagwa na kiatu kile. Wageni walipousifu uwanja, alipokea sifa zote kwa uso mkavu huku mimi nimesimama pale na matope mpaka kwenye viwiko. Nilimwita mkulima wa kiatu. Tulicheka kwa jambo hilo miaka yote, na sikupanda hata mche mmoja bila yeye, wala sikujiuliza kwa nini.

Mwenye trekta tulimpata Isinya. Kazi yake ilikuwa kulimia watu na kuwabebea nyasi. Trekta lenyewe lilikuwa dogo, jekundu lililofifia, na koleo la chuma mbele na tela nyuma. Aliniambia ameshabeba kila kitu duniani, matangi, ng'ombe waliokufa kwa ukame, hata kanisa la mabati lililokuwa linahama, lakini mti mzima ukiwa hai, bado. Hilo halikumtisha.

"Mwalimu, hii tutang'oa tu kama jino," alisema.

Tulilowesha udongo jioni ya kuamkia siku hiyo ili ushikamane na mizizi. Asubuhi tukapunguza matawi, karibu nusu. Kisha trekta likaanza kuchimba mtaro kuuzunguka mti, likienda mbele na kurudi nyuma katika kile kinafasi kati ya jikoni na ukuta wa flati, na watu wakajazana kwenye balkoni juu yetu kama wamekuja harusini. Udongo ulinata kwenye koleo kama ugali kwenye mwiko. Tulipofika chini, mwenye trekta alishuka na shoka, kwa sababu mzizi mkuu ulikuwa umeteremka wima na haukuwa na mpango wa kutoka. Alipiga, akapumzika, akapiga tena. Mti ukatikisika mpaka juu. Nilimwona Mzee kwenye kiti chake amefumba macho, na nikamwuliza kama anaumwa. Akayakaza zaidi.

Tuliifunga mizizi na udongo wake kwa magunia na kamba ya katani, tukapitisha mnyororo, na koleo likaunyanyua mti polepole mpaka kwenye tela. Watu wa balkoni wakapiga makofi. Nyuma ya jikoni pakabaki shimo, na jua likaingia dirishani mwa jikoni ile kwa mara ya kwanza tangu niijue.

Kwenye barabara ya Namanga tulikwenda mwendo wa maiti, trekta mbele, mimi nyuma kwenye gari letu kuukuu, Mzee kando yangu. Malori ya Tanzania yalitupigia honi mpaka masikio yakaziba. Mwarobaini ulikuwa umelala chali kwenye tela, matawi yakituelekea, na kwenye kila shimo barabarani yalitupungia mkono. Watu wa bodaboda walipunguza mwendo kututazama. Mmoja alipaza sauti, "Mathe, mmeiba forest?" Na Mzee akacheka. Mdomo upande mmoja, lakini alicheka, kwa mara ya kwanza tangu aanguke. Siku hiyo nilikuwa na furaha. Hilo naliandika waziwazi kwa sababu sina siku nyingine ya kuliandikia.

Tulipofika shambani, jirani yetu alikuwa amesimama kwenye ua wa waya akitungoja. Ni mama wa Kimaasai, makamo yangu, ambaye boma lake liko upande wa pili, na ambaye tangu tuhamie alikuwa akituletea maziwa bila kuulizwa.

"Takwenya!" akanisalimu.

"Iko!" nikamjibu.

Akaliangalia tela muda mrefu. "Hii mti ilikosea nini huko, ndio mkaihamisha?"

"Ni ya Mzee. Anataka kivuli."

"Kivuli inabebwa na trekta?" Akacheka mpaka akashika waya. Kisha akamwona Mzee ndani ya gari, mkono wake wa kulia umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine, na kicheko kikamkauka. "Pole, mzee," akasema, na akaja kutusaidia kufungua kamba.

Shimo lilichimbwa mbele ya dirisha la chumba chetu. Koleo lilishuka, likapanda, likashuka, na kila liliposhuka lilikwangua kuta za shimo mpaka zikawa laini, nyeusi, zinang'aa. Mwenye trekta alijivunia kazi yake. "Ona vile imenyooka," akaniambia. "Ni kama imepigwa plasta." Niliinama nikaangalia, nikasema ndiyo, imenyooka. Tuliushusha mti kwa mnyororo, tukausimamisha, trekta likasukuma udongo mpaka likamaliza. Injini ikazimwa, na tukasikia upepo.

"Mguu," akasema Mzee kutoka garini.

Nilikuwa nimelitarajia neno hilo na kuliogopa. Asubuhi alikuwa amekataa ndara. Alinionyesha kiatu cha ofisi, na nilitumia muda mrefu kukiingiza kwenye mguu uliovimba. Tulimbeba, mimi na mwenye trekta, kwenye kiti cha plastiki, tukamweka ukingoni mwa udongo mpya. Akautazama mguu wake wa kulia. Haukuinuka. Akalishika paja kwa mkono wa kushoto, akalipiga, akalipiga tena, kama mtu anayeamsha mlinzi aliyelala kazini. Nilimwambia, "Tumia huu mwingine, Mzee, ni sawa tu." Akanitolea jicho ambalo sikuwa nimeliona tangu tugombane habari za karo. Mguu wa kupandia ulikuwa ule.

Mwenye trekta akageuka, akajifanya anakagua mnyororo. Jirani akatazama ng'ombe wake. Mimi nikapiga magoti, nikaushika mguu kwa mikono miwili juu ya kifundo, nikauinua, nikaushusha kwenye udongo. Haukutoa kishindo. Ulitoa sauti ndogo, ya mtu anayeweka kikapu chini.

"Nime," akasema Mzee. "Nime. Nime."

"Umepanda, Mzee," nikamwambia. Alilia, na sikumfuta machozi, kwa sababu mikono yangu ilikuwa na udongo.

Tulikuwa tumeleta na miche mingine kutoka Kitengela, midogo, ile iliyokuwa imejiotea yenyewe ukutani. Tuliipanda jioni ile kwa jembe la kawaida, juu kidogo ambako shamba linainuka, nami nikauinua mguu wa Mzee tena na tena mpaka akachoka. Baadaye niliisahau kabisa. Maji hayakutosha, na maji yote yalikuwa ya mwarobaini.

Hapo ndipo lilipo kosa letu, na ni kosa la watu wa kwetu. Sisi tumezaliwa kwenye udongo mwekundu. Udongo mwekundu ukiupa maji unayanywa, unasema asante, na kesho unaomba mengine. Mti ukilegea, unaupa maji. Ukigeuka manjano, unaupa maji zaidi. Hata mtoto wa darasa la kwanza kwetu anajua hivyo. Na shamba lile lilikuwa linatudanganya kwa macho. Baada ya wiki chache za jua, udongo mweusi ulipasuka nyufa ambazo ndama angevunjikia mguu. Nilisimama kwenye nyufa hizo nikatazama majani yakififia, nikaona kiu. Nani angeona kitu kingine?

"Maji," Mzee alisema kila nilipomwambia mti unasuasua. Neno hilo lilimtoka bila shida, safi kabisa, kama zamani. "Maji, Mwalimu."

Nikaupa mwarobaini maji. Tangi lilipokauka nikaita boza, lori la maji. Boza lilipochelewa, tukaoga kwa kitambaa na maji ya kuoga nikayamwaga pale. Ukame ulipokaza na malori ya maji yakaacha kufika kwetu kabisa, jirani yangu alikuja na punda wawili wamebeba mitungi ya maji. Alikuwa ameyatoa kisimani mbali, kwa ng'ombe wake, na ng'ombe wake nilikuwa nawaona, mbavu nje, wamesimama kwenye ua bila hata nguvu ya kufukuza nzi.

"Chukua hii moja," akasema. "Ya mti ya mzee."

Nilikataa, naye akakasirika, akaumwagia mwenyewe. Mtungi mzima ukaingia kwenye udongo ule bila kutuama, nikaona fahari jinsi unavyonyonya. Akaendelea kutuletea. Katika kipindi hicho alipoteza ndama.

Usifikiri sikuwa na wasiwasi mwingine. Nilifundisha sayansi. Najua kiharusi ni damu na ubongo, na mti ni mizizi na majani, na kati ya hivi viwili hakuna waya. Lakini unapomlisha mtu uji kwa kijiko, na kijiko kinagonga meno kwa sababu mdomo haukufunguka vizuri leo kama jana, akili inafanya inavyotaka. Niliketi pale nikajiuliza, ule mguu niliuinua mimi. Udongo ulikanyagwa na nani? Kama alipanda yeye, vizuri. Kama nilipanda mimi, basi nimefanya nini? Nilijikemea. Nilijiambia, mwanamke mzima, umesoma, acha upuuzi. Kisha nikatoka nje na ndoo.

Jibu la mti nililipata kwa jembe. Jirani alikuwa amenipa samadi, nami nikataka kuifukia karibu na shina. Nilichimba kidogo, na harufu ikanipiga kabla sijaona chochote. Ilikuwa harufu ya choo kilichofurika. Nikachimba zaidi, na maji yakapanda kwenye kishimo changu, meusi, yenye povu. Hatua tano kutoka pale ardhi ilikuwa imepasuka kwa kiu, na mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye kinamasi. Lile shimo lililopigwa plasta halikuwa na mahali pa kutolea tone. Kila ndoo, kila boza, kila mtungi wa punda ulikuwa umekaa pale pale, na mwarobaini ulikuwa umesimama ndani yake kama mtu aliyefungiwa kwenye tangi. Niliingiza mkono nikavuta mzizi. Ganda lilitoka lote vidoleni, kama ganda la haragwe lililochemshwa.

Sikulia. Nilikaa kwenye matope na kucheka, kicheko kibaya, kwa sababu niliinua macho na kuona ile miche midogo kule juu. Haikuwa imepata hata kikombe. Ilikuwa imesimama, mifupi, mikavu, majani yake madogo ya kijani yametulia. Niliichukia. Sijui kama mtu anaruhusiwa kuuchukia mti kwa kuwa hai, lakini niliichukia, na siku ile ningeing'oa yote kama ningekuwa na nguvu ya kupanda mteremko.

Nilichimba mfereji kuyatoa maji. Nilichimba mpaka mikono ikatoka malengelenge. Mwenye trekta alikuja bila mimi kumwita, kwani jirani alikuwa amempigia simu, akapanua mfereji kwa koleo lake, hakusema lolote la jino. Maji yalitoka yakiteleza polepole kuelekea kwenye nyasi, na ng'ombe wa jirani wakaja kwenye waya wakanyoosha shingo. Tulijua sote kwamba tumechelewa. Nilimshukuru, akaondoka.

Asubuhi iliyofuata Mzee hakuuliza. Alinitazama nikimvisha shati, akasema, "Nje."

"Kuna jua, Mzee."

"Nje."

Nilimsukuma kwenye kiti chake mpaka chini ya mti. Majani yalikuwa yameisha. Vivuli vya matawi vilianguka juu ya magoti yake, vyembamba, kama mistari kwenye daftari la mtoto, na kati ya mistari hiyo jua lilimchoma vile vile. Aliinua kichwa akatazama juu. Nzi akatua kwenye mkono wa kulia, nikamfukuza.

"Imekataa," akasema.

Maneno yakanitoka kama maji ya mfereji. Nilimwambia tutampigia mwenye trekta. Nilimwambia tutachimba mahali pengine, juu kule ambako maji hayatuami, shimo la jembe, bila plasta. Nilimwambia nitakwenda Isinya leo leo nilete mche mpya, wa mwarobaini, na hautakawia, kwani mwarobaini si hukua haraka, si unakumbuka ule wa kwanza? Nilimwambia atakuja na kiatu chake. Nilikuwa naongea kwa sauti ya darasani, ile ya kuwaambia watoto kwamba mtihani hautakuwa mgumu.

Alisubiri nimalize. Kisha akainama upande, kwa taabu, akashika suruali yake gotini kwa mkono wa kushoto. Mguu wa kulia ulikuwa umeteleza kutoka kwenye kiti na kiatu kilikuwa kimegusa ardhi. Akauvuta. Aliuvuta kwa kitambaa, kidogo kidogo, akatulia akihema, akauvuta tena, mpaka akautoa kwenye udongo na kuurudisha juu ya kile kibati cha kuwekea miguu. Nilinyoosha mkono kumsaidia, akaupiga.

"Panda wewe," akasema.

Nilijifanya sikusikia. Nilianza kufunga breki ya kiti, ambayo ilikuwa imefungwa tayari.

"Mwalimu." Hakuwa ameniita hivyo siku nyingi bila neno maji mbele yake. "Panda wewe."

Nilimwambia mambo makali. Nilimwambia mama yake alikuwa amesema ukweli kuhusu ukaidi wake, na kwamba sitapanda kitu chochote, na kwamba kama amechoka, mimi sijachoka. Nilikuwa nimechoka mpaka kwenye mifupa. Aliacha nipige kelele mpaka jirani akatoka nyumbani kwake kuangalia kuna nini. Kisha akafumba macho, na nikamrudisha ndani.

Mche niliuleta. Jirani ndiye aliyenisindikiza Isinya, na tulichagua pamoja, mwarobaini wenye urefu wa goti, umenyooka, kwenye mfuko wake mweusi wa plastiki. Niliuweka kando ya mlango wa jikoni. Naupa kikombe cha maji, si zaidi. Shimo lake lilichimbwa juu kule kwenye mteremko, na jirani, ambaye hajui habari za kwetu za mwanamke na mti, huniuliza kila akileta maziwa, "Bado tu hujapanda?" Namwambia nangojea mvua. Mvua ilikuja, ikaenda, nami namwambia nangojea nyingine.

Mzee hali tena uji, ila maziwa kidogo. Haulizi chochote asubuhi. Akinitazama anatazama mikono yangu, kama ina udongo.

Mche hauna subira. Mizizi yake hutoboa mfuko upande wa chini na kuingia ardhini pale pale mlangoni, peke yake, bila mtu. Kwa hiyo kila Jumamosi nautoa. Naushika mfuko kwa mikono miwili, nauvuta mpaka unyanyuke, nasikia nyuzi nyeupe zikikatika moja moja, na zilizobaki nazikata kwa kisu cha mboga. Kisha nauweka juu ya jiwe. Ndani, Mzee anakohoa, nami namwitikia nikiwa bado nimeinama.